Ulale Mtaa Gani? Mwongozo wa Kuchagua Makazi Unapotembelea Mji wa Kihistoria

Wengi wetu tukipanga safari ya kwenda mji wa kihistoria tunafungua ramani, tunatafuta kasri, kanisa au msikiti maarufu, kisha tunachukua chumba kilicho karibu nao kadiri mfuko unavyoruhusu. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba mahali maarufu utakaa saa mbili tatu tu, tena mchana. Mtaani utakakolala utakuwepo alfajiri, jioni na usiku kucha. Mtaa basi upimwe kwa saa hizo, na umbali wa kivutio uje baadaye.

Hatua ya 1: Andika saa zako kabla ya kufungua ramani

Chukua karatasi uandike mtafika saa ngapi, mtaondoka saa ngapi, mtalala usiku mngapi, na nani amefuatana nawe. Anayefika saa sita usiku na kuondoka na ndege ya alfajiri hana mahitaji sawa na anayeingia na treni ya mchana. Mtoto mdogo anayelala baada ya chakula cha mchana huilazimisha familia nzima irudi chumbani katikati ya siku, na familia ya namna hiyo itafaidika kukaa karibu na kitovu hata kama kuna kelele kidogo. Vijana wanaotoka asubuhi na kurudi usiku wanaweza kulala mbali zaidi, mradi usafiri wa usiku upo.

Mwenye kuamua mtaa awe yule aliye dhaifu kuliko wote msafarani: mwenye magoti mabovu, mjamzito, mwenye usingizi mwepesi. Mwenye nguvu atajimudu popote.

Hatua ya 2: Lielewe umbo la mji

Hapa ndipo ninapokusihi utumie muda mwingi, kwa sababu ukilielewa umbo la mji, nusu ya maswali yako yamejibiwa.

Miji mingi ya kale ilikua kwa tabaka. Ndani kabisa kuna kitovu: vichochoro vyembamba, nyumba zilizobanana, viwanja vidogo, mara nyingi ndani ya ukuta. Karne ya 19, watu walipozidi na mizinga ikawa imeshazifanya kuta zisiwe na kazi, miji mingi ya Ulaya ilizibomoa. Mwaka 1857 Mfalme Franz Joseph aliamuru kuta za Vienna ziondolewe, na barabara pana iliyochukua nafasi yake, Ringstrasse, ikafunguliwa mwaka 1865. Barcelona ilianza kubomoa zake mwaka 1854, na mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà wa mwaka 1859 ukazaa mtaa wa Eixample, wenye barabara zilizonyooka na pembe za majengo zilizokatwa ili njia panda ziwe na nafasi. Kraków kuta zilipoondolewa palipandwa miti, na leo bustani ya Planty inauzunguka mji wa kale kama mkanda. Roma ilipofanywa makao makuu ya Italia mwaka 1871, mtaa wa Prati ulijengwa kwenye mashamba yaliyokuwa jirani na Vatikani. Edinburgh ilitangulia: mpango wa James Craig wa mwaka 1767 uliweka mji mpya ng'ambo ya bonde, ukiutazama mji wa kale uliojipanga juu ya mgongo wa kilima.

Kwa hiyo miji hii ina pete ya pili, na pete hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa wasafiri wengi watakaokaa usiku 3 au zaidi. Barabara zake ni pana kiasi cha teksi kufika mlangoni. Majengo yake yalipewa ngazi pana, kwa hiyo mengi yalipata nafasi ya kuingiza lifti baadaye. Treni ya chini ya ardhi hupita hapo kwa urahisi kuliko kwenye kitovu. Roma, kwa mfano, ukichimba katikati unakutana na mabaki ya kale, ndiyo maana vituo vya treni vilivyo ndani ya kitovu chake ni vichache, ilhali Prati ina Ottaviano na Lepanto kwenye njia A. Zaidi ya hayo, kwenye pete wenyeji bado wanaishi: kuna shule, duka la dawa, fundi viatu. Mtaa wenye fundi viatu una watu wanaokaa.

Kitovu nacho kina jambo moja ambalo pete haiwezi kukupa, nalo ni alfajiri. Mabasi na meli za watalii huanza kumwaga watu kuanzia saa tatu au nne asubuhi na kuwachukua jioni. Anayelala ndani ya ukuta wa Dubrovnik anazipata zile barabara za mawe zikiwa tupu saa kumi na mbili asubuhi, na tena usiku baada ya meli kuondoka. Ukikaa usiku 1 au 2 tu, na huna mzigo mkubwa, lala ndani. Gharama na usumbufu vitafidiwa na saa hizo mbili.

Venice naitenga peke yake. Wengi hushawishika kulala Mestre, upande wa bara, ng'ambo ya daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1846, kwa sababu vyumba ni vingi na safari ya treni ni fupi. Kwa mtu anayepita tu, sawa. Kwa aliyesafiri mbali kwenda kuiona Venice, kulala Mestre ni kuiona Venice katika saa zake mbaya tu. Tafuta Cannaregio, au upande wa mashariki wa Castello: ni ndani ya mji, ila umati wa watalii wa San Marco na Rialto hauifikii mitaa hiyo sana.

Kuna miji ambayo umbo hili haliifai. Kyoto haina kitovu kimoja cha vivutio. Hekalu la Kinkaku-ji liko kaskazini-magharibi, la Kiyomizu-dera mashariki, la Fushimi Inari kusini, na eneo la Arashiyama magharibi. Ukilala karibu na kimoja, umekuwa mbali na vingine vyote. Mji kama huo unachaguliwa kwa usafiri: Kyoto ina njia mbili tu za treni ya chini ya ardhi, Karasuma na Tozai, na mabasi yake hujaa mno, kwa hiyo lala karibu na kituo cha Shijo au kituo kikuu cha Kyoto. Istanbul nayo imegawanywa na maji. Mtaa wa Sultanahmet una Hagia Sophia na kasri la Topkapı lakini usiku hupoa mapema. Karaköy, ng'ambo ya ghuba ya Haliç, iko vituo vichache tu kwa tramu ya T1 na ina uhai hadi usiku. Kadıköy iko upande wa Asia, na safari ya kwenda kwenye vivutio mara nyingi inakuwa safari ya feri. Mimi naiona feri hiyo kuwa faida kubwa, ila mwenye siku 2 tu asiende huko.

Hatua ya 3: Fuatilia safari ya begi

Sasa weka kidole kwenye uwanja wa ndege au stesheni, kisha ukisogeze hadi mlangoni. Usisimame kwenye "katikati ya mji". Fika mlangoni.

Gari linaishia wapi? Fes, Moroko, mji wa kale hauna magari kabisa. Teksi itakuacha kwenye lango kama Bab Bou Jeloud, na kutoka hapo ni miguu yako au mkokoteni wa mchukuzi. Nyumba iliyo dakika 3 kutoka langoni na ile iliyo dakika 20 ndani ni nyumba mbili tofauti kabisa, hata kama picha zao zinafanana. Miji mingi ya Italia ina maeneo ya kitovu ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia kwa saa fulani, kamera zinasoma namba, na faini humfuata aliyekodi gari hadi kwao. Ukipanga kuendesha mwenyewe, lala nje ya eneo hilo au muulize mwenye nyumba kama anaweza kukuandikisha.

Venice hili linahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Magari yanaishia Piazzale Roma, treni zinaishia Santa Lucia hapo jirani. Kuanzia hapo karibu kila daraja lina ngazi za kupanda na ngazi za kushuka, na mji una madaraja zaidi ya 400. Sanduku la kilo 23 lenye magurudumu halina msaada kwenye ngazi, unalibeba. Fungua ramani, chora njia kutoka kituo cha boti ya abiria kilicho karibu na nyumba, uhesabu madaraja yaliyo kati. Daraja 1, vumilia. Madaraja 4 na watoto 2, tafuta nyumba nyingine. Anwani nazo zina utata wake: nyumba zimepewa namba kwa wilaya nzima badala ya barabara, kwa hiyo namba peke yake haikuelekezi kichochoro. Omba alama ya mahali kwenye ramani.

Hatua ya 4: Soma miinuko

Ramani bapa haikuonyeshi kilima. Washa tabaka la mwinuko, au angalia picha za barabarani uone ngazi na reli za kushikia ukutani.

Lisbon ni mfano mzuri. Tetemeko la mwaka 1755 liliuangusha mtaa wa Baixa, ukajengwa upya kwa barabara zilizonyooka kwenye ardhi tambarare. Alfama, iliyo kilimani, kwa sehemu kubwa ilinusurika, ndiyo maana imebaki na vichochoro na ngazi zake za zamani. Mbili hizo zinapakana. Mwenye miguu imara atafurahia Alfama, mwenye mama mzee amweke Baixa wapande kwa tramu mchana.

Cusco, Peru, inaongeza jambo la hewa. Mji uko takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na siku ya kwanza hata ngazi 10 zinakufanya utwete. Mtaa wa San Blas unapendeza sana na uko juu ya kilima. Usiku wa kwanza na wa pili lala karibu na uwanja mkuu, Plaza de Armas, au teremka kabisa hadi Bonde Takatifu, ambako Ollantaytambo iko chini kwa mita mia kadhaa, kisha uje San Blas mwili ukishazoea.

Hatua ya 5: Sikiliza usiku

Kelele za mji wa kale ni za aina yake, kwa sababu mtaa mwembamba wenye kuta za mawe hurudisha sauti. Watu wanne wakizungumza chini ya dirisha lako saa saba usiku wanasikika kama wako chumbani. Bairro Alto huko Lisbon na Trastevere huko Roma ni mitaa mizuri ya kutembelea jioni na migumu kulala, hasa mwishoni mwa juma.

Asubuhi nako kuna mambo. Barabara zinazofungwa kwa magari mchana hupokea mizigo alfajiri: malori, makreti ya chupa, gari la taka. Kengele za kanisa na adhana ya alfajiri ni sehemu ya mji na zilikuwepo kabla yetu. Asiyependa kuamshwa asichukue chumba chini ya mnara, asije baadaye akalalamika.

Suluhisho mara nyingi si kuhama mtaa. Ni kuhama dirisha. Chumba kinachotazama ua wa ndani, kwenye jengo lile lile, kinaweza kuwa kimya kabisa. Omba cha nyuma, na uombe kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Ikague anwani kama unayeinunua

Tangazo likisema "dakika 5 kutoka kitovu", uliza kitovu kipi. Tovuti nyingi za kupangisha nyumba huonyesha duara tu kwenye ramani hadi ulipe. Chukulia kwamba nyumba iko kwenye ukingo wa duara ulio mbaya zaidi kwako, na kama bado inakufaa, endelea.

Kisha ingia kwenye picha za barabarani utembee kichochoro chote, kwenda na kurudi. Inua macho. Nguo zilizoanikwa madirishani na masanduku ya maua vinaonyesha kuna wakazi. Visanduku vidogo vya funguo vimepangwa mlangoni vinaonyesha jengo zima ni la wageni, na utasikia masanduku yakiburutwa ngazini usiku na mchana. Inamisha macho: viti vya mgahawa vimejaa chini ya madirisha? Mawe ya barabarani ni bapa au ya mviringo? Taa za barabarani zipo hadi mlangoni?

Maoni ya wageni usiyasome kwa nyota. Tafuta ndani yake maneno: kelele, ngazi, begi, lifti, unyevu, teksi, harufu. Soma ya waliokaa mwezi ule ule utakaokwenda wewe, na ya waliosafiri kama wewe.

Mwisho mwandikie mwenye nyumba ujumbe mfupi, kwa mfano huu:

"Habari. Tunatarajia kufika saa nne usiku, watu wanne, mmoja wetu ni mzee. Naomba kujua: gari linafika umbali gani kutoka mlangoni? Kuna ngazi ngapi hadi chumbani, na lifti ipo? Dirisha la chumba cha kulala linatazama barabara au ua? Chini ya jengo au mkabala wake kuna baa? Natanguliza shukrani."

Akikujibu "ngazi 42, lifti hakuna, ila kijana wangu atawabebea mabegi", huyo ni mtu wa kufanya naye kazi. Akikujibu "usijali, pazuri sana", endelea kutafuta. Kumbuka pia kwamba nchi nyingi za Ulaya huanza kuhesabu ghorofa juu ya ile ya ardhini, kwa hiyo "ghorofa ya tatu" ni kupanda mara tatu.

Ghorofa ya chini kabisa nayo ina maswali yake. Venice, maji ya bahari hupanda hasa kati ya Oktoba na Januari. Milango ya kuzuia maji iitwayo MOSE imekuwa ikiinuliwa tangu Oktoba 2020 na imesaidia sana, lakini San Marco iko chini mno, na nyumba za chini hubaki na unyevu. Panda juu walau ghorofa moja.

Hatua ya 7: Hakikisha nyumba ni halali

Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni yako mwenyewe: nyumba isiyo na kibali inaweza kufutwa siku chache kabla hujafika. Japani, sheria iliyoanza Juni 2018 inaruhusu nyumba ya kawaida kupokea wageni siku 180 tu kwa mwaka, na Kyoto ina masharti makali zaidi katika mitaa ya makazi. Uturuki inadai kibali maalumu kwa upangishaji wa muda mfupi tangu Januari 2024. Florence ilizuia nyumba mpya za aina hiyo ndani ya kitovu chake cha kihistoria mwaka 2023. Barcelona imetangaza kwamba leseni za nyumba za watalii, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa zikiisha mwaka 2028. Tafuta namba ya usajili kwenye tangazo. Isipokuwepo, iulize; ikikosekana, achana nayo.

Sababu ya pili ni ya wenyeji. Visiwa vya kitovu cha Venice vilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Vyumba vya wageni si sababu pekee, ila vimo. Hoteli ndogo au nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia inayoishi hapo hapo huuacha mtaa ukiwa na watu wake, na mara nyingi ndiyo inayokupa mtu wa kumgongea mlango maji yakikatika.

Uliza pia kodi ya mgeni kwa usiku. Miji mingi huitoza juu ya bei ya chumba, na hulipwa ukifika.

Hatua ya 8: Linganisha na kalenda

Mtaa ule ule hubadilika kwa tarehe. Agosti, wakati wa matamasha, kitovu cha Edinburgh hufurika na vyumba huisha miezi kabla. Wiki Takatifu huko Sevilla, maandamano ya kidini hufunga barabara za kitovu kwa saa nyingi, hata usiku wa manane. Aliyelala ndani ya mzunguko anayaona kwa ukaribu wa ajabu, aliye na treni ya kuwahi anakwama. Tazama kalenda ya sikukuu za mji, ratiba ya meli za watalii kama mji una bandari, na siku ambazo kivutio chako kikuu hufungwa.

Hatua ya 9: Amua, kisha jiachie mlango

Bakiza nyumba tatu, usizidishe. Kwa kila moja jibu maswali manne: nitafikaje na begi usiku, nitalala, nitarudi na usafiri gani saa nne usiku, na alfajiri nitatoka nikutane na nini? Inayojibu vizuri matatu, ichukue. Ukikaa usiku 5 au zaidi, gawa: usiku 3 kwenye pete mkiwa bado na uchovu wa safari, kisha 2 ndani ya kitovu mkiwa mmeshaujua mji, na mabegi makubwa mkiyaacha stesheni.

Lipia chumba kinachoruhusu kughairi, hata kama kimezidi bei kidogo. Hifadhi kwenye simu ramani ya eneo isiyotegemea intaneti, pamoja na jina la lango, kituo na namba ya simu ya mwenye nyumba. Ukifika, fungua madirisha yote usikilize kabla hujafungua begi. Chumba kikiwa na shida, sema saa hiyo hiyo, kabla shuka hazijaguswa, maana mapokezi wenye chumba kingine watakuhamisha kwa urahisi zaidi jioni ile kuliko kesho yake asubuhi.